Kioo cha Lutufyo

Lutufyo alijua kuna jambo kabla hata hajavua buti. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni, mikono kaifunga kifuani. Na Tusajigwe si mwanamke wa kusimama mlangoni saa mbili asubuhi huku migomba inamngoja nyuma ya nyumba.

"Mugonile, mama," alisalimia kwa Kinyakyusa.

"Ndaga. Ingia. Ila usipige kelele, majirani wapo."

Mtu akikwambia usipige kelele kabla hujajua kilichotokea, ujue hicho kitu ni cha kupigia kelele. Lutufyo alipita moja kwa moja mpaka kwenye meza yake. Chuma cha kulehemu kilikuwepo. Mita ya mshale ilikuwepo. Makopo ya siagi yaliyojaa transista na nyaya yalikuwepo, ingawa mtu alishayachokora. Katikati ya meza kulikuwa na alama ya mraba, mbao safi isiyo na vumbi. Kioo hakipo.

"Nani?"

"Wazee wa kanisa. Walikuja jana jioni ulipoondoka kwenda shifti. Watatu. Mzee Lazaro ndiye aliyeongea."

"Ukawapa?"

"Nikawapa? Wazee watatu na makoti yao ya mvua wamesimama sebuleni kwangu, maji yanatiririka sakafuni, wanasema wametumwa na baraza. Mimi mjane nifanye nini, niwafukuze na fagio?"

"Ungewafukuza na fagio!"

"Wewe! Hao ndio watakaonizika."

Akamweleza. Jana Jumapili, Lutufyo akiwa amelala maana alitoka kazini alfajiri, Mzee Lazaro alisimama mbele ya kanisa akatangaza kwamba amplifaya imeungua, fundi wa Tukuyu ameifungua, na fundi amekuta vyuma orijino vimechomolewa, vimewekwa vya bandia. "Kuna kijana hapa kijijini amechezea mali ya Bwana." Jina hakulitaja. Kanisa zima likageuka kumwangalia Tusajigwe.

"Ulivyoamka nikaona nisikwambie, nikajua utaenda kupasua mtu," mama yake alisema. "Sasa Jumamosi kuna baraza. Ukionekana una hatia, kile kioo anapewa fundi wa Tukuyu, kiwe fidia. Ndivyo walivyosema."

Hapo inabidi uelewe hicho kioo ni nini, maana pale kijijini Ikuti wengi walikuwa wanakiita televisheni ya mstari. Ni oskiloskopu. Chombo kizito kama nusu mfuko wa saruji, chenye kioo kidogo cha duara, na ukikigusisha kwenye waya kinakuonyesha umeme unavyotembea: mstari wa kijani unapanda na kushuka kama mtu anayevuka vilima. Lutufyo alikikuta kwa wanunuzi wa vyuma chakavu Mbeya mjini, kimelala kwenye tope kati ya rejeta na mabati, kimekufa. Walitaka kukiuza kwa kilo. Akakibeba mpaka nyumbani amekipakata kama mgonjwa. Alikaa nacho miaka miwili. Alibadilisha kapasita moja baada ya nyingine, akakosea, kikampiga shoti mara mbili mpaka mkono ukakaa na ganzi siku nzima, akaendelea. Usiku ule mstari wa kijani ulipotokea kwa mara ya kwanza alimwamsha mama yake aje aone. Mama alitazama, akasema, "Ndiyo hicho tu?" akarudi kulala. Yeye alikaa anaangalia mstari mpaka jogoo akawika.

Shuleni hakuwahi kugusa kitu kama hicho. Alifika kidato cha tatu. Mita zilikuwepo maabara, zimefungiwa kabatini, na mwalimu wa fizikia alikuwa anazichora ubaoni kwa chaki. Siku moja Lutufyo akanyoosha mkono: "Mwalimu, lini tutazishika?" Alichapwa kwa ujeuri. Kesho yake akauliza tena, akachapwa tena. Siku ya tatu hakwenda. Tangu hapo amekuwa kibarua kwenye kiwanda cha chai, upande wa mashine za kukaushia, na anachojua kuhusu umeme amejifundisha kwa kuua redio za watu na kuzifufua.

Na hakuwahi kutoza mtu. Hili ndilo lililomponza. Ukimletea redio, unaikuta Jumamosi inaimba, unasema ndaga, yaani asante, unaondoka. Akiletewa mkungu wa ndizi au maparachichi, sawa. Asipoletewa, sawa. Yeye alikuwa anatafuta ule ugonjwa, alitaka kujua nani kaua nini. Mama yake alishamwonya: "Wewe fanya bure tu. Siku moja watakaa wajiulize huyu anakula nini."

Sasa walishajiuliza, na jibu walishalipata. Anayetengeneza bure anaiba vyuma. Yale makopo ya siagi yamejaa vya nani?

Hakulala. Alidandia bodaboda mpaka Tukuyu, mvua inampiga usoni, akashukia stendi. Kibanda cha fundi Wilson kiko pale nyuma ya wauza viatu, kina bango na taa za rangi. Wateja watatu walikuwa wamejibanza barazani wakikwepa mvua. Wilson alimwona, akacheka kabla hajasalimiwa.

"Ohoo, mhandisi wa Ikuti huyo! Karibu. Umeniletea makaratasi ya kioo chako? Maana kifaa kikibadilisha mwenyewe kinakuja na karatasi zake."

"Umewaambia nini wazee?"

"Nimewaambia nilichokiona. Transista mbili za mwisho, zile kubwa, si zake. Amplifaya ile ni ya zamani, ilikuja na zake nzuri. Nimekuta mbili za mtumba, zimelehemiwa kwa risasi mpya. Nani kaweka?"

"Mimi. Zake zilikufa. Kwaya waligusanisha nyaya za spika, zikaungua zote mbili. Nikatoa mbili kwenye amplifaya yangu mbovu nikaweka."

"Kwa hela ngapi?"

"Bure."

Wateja wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Bure! Hata maji ya kisima siku hizi yana mita."

"Unasikia, dogo?" Wilson alisema. "Mtu mwenye akili timamu hatoi transista zake mbili bure. Ungebaki na majani yako ya chai. Kile kioo nitakitunza, usijali. Kule kwako kinaota ukungu tu."

Lutufyo alikunja ngumi ndani ya mfuko wa koti. Angempiga. Angempiga pale pale, na angefurahi kwa muda wa kama dakika moja, halafu wangesema si tuliwaambia, mwizi na mhuni. Alitema mate kwenye mtaro, akageuka. Njia nzima ya kurudi alikuwa anaongea peke yake juu ya pikipiki, mpaka dereva akamuuliza kama anaongea na simu.

Jumamosi ilifika. Baraza lilikaa kwenye kibaraza cha kanisa, maana mvua haikuwa imeamua kama inyeshe au iache. Mzee Lazaro alikaa kiti cha katikati, suti ya kahawia, fimbo kati ya magoti. Ndiye mtunza mali za kanisa. Kulia kwake Mzee Enosi, mtu wa miaka themanini na jino moja, ambaye huwa anaonekana amelala na hajalala. Kushoto, mzee wa tatu aliyekuwa anaandika. Wilson alikaa pembeni kwenye kiti cha plastiki, mguu juu ya mguu. Amplifaya iliwekwa mezani. Hatua kumi kutoka hapo, nyuma ya ukuta wa mianzi, ndiyo jiko la kanisa. Wanawake walikuwa wanamenya ndizi za wageni wa kesho, na sauti za visu vyao zilisikika kila mara baraza liliponyamaza.

Lutufyo alisimama. Hakupewa kiti.

"Kijana," Mzee Lazaro alianza, "hatukuja kugombana. Sema tu vyuma orijino viko wapi, urudishe, tuombe, yaishe."

"Nilikurudishia, mzee."

"Mimi?"

"Wewe kwa mkono wako. Kila mtu ninayemtengenezea namrudishia vilivyokufa, nafunga kwenye nailoni na uzi. Hata redio ya elfu tano. Maiti anazikwa kwao. Nilikukabidhi amplifaya, na kifurushi nikaweka juu yake."

Mzee Lazaro alifikiri. Hakuwa anadanganya, na hilo ndilo lililozidi kumchoma Lutufyo. Mzee alikuwa amesahau kweli. "Sikumbuki kifurushi," alisema.

"Ndiyo wanavyosemaga wote," Wilson aliingilia. "Nilirudisha, nilirudisha."

"Wewe nyamaza, hujaulizwa!"

"Lugha!" yule mzee mwandishi alisema.

"Lugha gani? Mmeniita mwizi mbele ya kanisa zima, mmeingia nyumbani kwa mama yangu mmebeba kitu changu, sasa lugha yangu ndiyo mbaya?"

Visu jikoni vilinyamaza. Mzee Enosi alifungua jicho moja. "Mwacheni aifungue," alisema. "Mgonjwa kaonwa na daktari mmoja tu. Na huyu naye amwone."

Wilson hakupenda, lakini wazee wawili walishatikisa kichwa. Lutufyo alitoa bisibisi mfukoni. Skrubu nne, kifuniko kikatoka. Na kabla hajaona chochote, alinusa.

Mtu anayefanya kazi kwenye mashine za kukaushia chai ana pua ya pekee. Chai inakaushwa kwa hewa ya moto, lakini moto wenyewe haugusani na jani. Bomba likitoboka, moshi ukaingia hata kidogo, mzigo wote ule umeharibika, na msimamizi atawatukana mpaka mababu zenu. Lutufyo alikuwa ameshatukanwa vya kutosha. Aliinamisha uso, akavuta hewa tena. Moshi. Si moshi wa kitu kilichoungua kwa umeme, ule unawasha koo. Huu ulikuwa moshi mtamu wa kuni, wa mahindi ya mbegu yaliyotundikwa.

Akapitisha kidole kwenye bodi. Kilitoka cheusi, kinateleza.

"Wewe fundi, uliifungua hii?"

"Niliifungua."

"Ukaona transista, haya masizi hukuyaona?"

"Vumbi," Wilson alisema. "Kila amplifaya ina vumbi."

"Vumbi? Njoo unuse vumbi lako!"

Akatoa mita yake ya mshale kwenye begi. Akachana karatasi mbili kwenye daftari la yule mwandishi bila kuomba, akazichovya zote kwenye maji yaliyokuwa yanadondoka kutoka kwenye bati. Akaweka ncha mbili za mita kwenye karatasi ya kwanza. Mshale ukatikisika kidogo, ukatulia. Karatasi ya pili akaifutia masizi ya ndani ya amplifaya mpaka ikawa nyeusi, akaweka ncha vilevile, umbali uleule. Mshale ukapanda mpaka zaidi ya katikati.

"Umeona, mzee? Haya yakikauka yamelala tu. Yakipata unyevu yanageuka waya. Amplifaya ilijaa masizi, ikaletwa kanisani, asubuhi ya ukungu, ikawashwa. Umeme ukapita pasipo pake. Zingekuwa transista za dhahabu zingekufa." Akamgeukia Mzee Lazaro. "Ilikaa wapi hii kitu?"

"Ilikaa salama."

"Salama wapi?"

"Kwangu bati linavuja, kila mtu anajua. Mwanangu Jackson aliichukua akaipeleka kwake kabla hajaenda Chunya machimboni. Nyumba yake mpya, haivuji. Ilikaa juu ya kabati sebuleni, imefunikwa kitambaa."

"Uliiona juu ya kabati?"

 Hata Mzee Enosi alifungua jicho la pili.

Kila mtu pale kibarazani alijua kwa nini swali lile halijibiki. Kwa Wanyakyusa, mwanamke na baba mkwe wake hawakutani. Akimwona anakuja njiani, anaingia migombani, anageuza mgongo mpaka apite. Na mzee naye hakanyagi kwenye nyumba ya mkwewe. Familia nyingi zimeshaacha, wanakula hadi meza moja, lakini kwa Mzee Lazaro bado ni sheria. Tangu Jackson amwoe Atupokile, miaka minne, mzee hajawahi kuvuka kizingiti cha ile nyumba. Mke wa mzee alishafariki. Jackson yuko machimboni, simu haipatikani. Amplifaya ilikaa kule wiki tano, na mtunza mali hakujua imekaa juu ya kabati au juu ya mti.

"Mwanangu aliniambia kabatini," Mzee Lazaro alisema, taratibu.

"Basi tumuulize mkweo... tumuulize mke wa Jackson."

"Unataka kumwita mkwe wangu hapa?" Fimbo iligonga sakafu. "Asimame mbele yangu ajibu maswali kama yuko polisi? Wewe kijana una wazimu?"

"Mimi mmeniita mbele ya watu wote! Heshima yake ni heshima, yangu ni matope?"

"Heshima haivunjwi kwa sababu ya mashine!"

"Kioo changu ni mashine pia, mbona mmekibeba?"

Wakawa wanapiga kelele wote, mwandishi anasema utaratibu, utaratibu, Wilson anacheka pembeni. Katikati ya kelele hizo ndipo sauti ya mwanamke ilipotoka nyuma ya ukuta wa mianzi. Haikuwa sauti ya kuomba. Ilikuwa ya mtu aliyechoka kusikiliza ujinga.

"Wewe sufuria! Nisikilize vizuri. Naongea na wewe hapa, siongei na mtu mwingine yeyote."

Mwanamke anayeongea na sufuria hajaongea na baba mkwe. Mzee Lazaro aliijua sauti ya mkwewe kabla ya yeyote. Akainuka, akageuza kiti, akakaa akiwa ameupa mgongo ukuta wa mianzi, macho kwenye mashamba ya chai. 

"Mume wangu aliniambia, sufuria, hiki kitu cha kanisa kisipate unyevu, kikipata unyevu baba atatuua. Nikakiweka kabatini. Mvua ikanyesha wiki nzima, ukungu ukaingia mpaka kitandani, nikakuta kitu kinatoa jasho. Nifanyeje? Nikakiweka pale tunapoweka kila kitu tusichotaka kioze. Juu ya kichanja, juu ya moto, pamoja na mahindi ya mbegu. Na kila asubuhi nilikuwa nakigeuza, upande huu, upande huu, kama mahindi. Walipokuja vijana wa kwaya kukichukua nikakifuta nje kikang'aa. Ndani sikujua kunafutwa."

Mwanamke mmoja jikoni alianza kucheka, akajiziba.

"Na kingine, sufuria. Juu yake palikuwa na kifurushi cha nailoni, kimefungwa uzi mwekundu. Nikasema labda ni dawa yake. Nikakitundika msumarini. Niliposikia kijana wa watu anaitwa mwizi nikakitia kwenye kanga, wiki nzima natembea nacho, sijui nimpe nani. Ukiwa na mume Chunya na mkwe usiyeruhusiwa kumwangalia, utampa nani?"

Chini ya ukuta wa mianzi kukatokea mkono. Mkono mweusi wa maji ya ndizi, umeshika kifurushi. Ukakisukuma kwenye udongo, ukarudi.

Lutufyo alikwenda akakiokota. Nailoni ilikuwa ya kahawia kwa moshi. Akakata uzi kwa meno, akazimwaga mezani: transista mbili kubwa, zimepasuka matumbo, namba zake bado zinasomeka. Akazisukuma mpaka mbele ya Wilson.

"Soma."

Wilson alisoma kimoyomoyo. Mguu ulishashuka kutoka juu ya mguu.

"Soma kwa sauti, mhandisi wa Tukuyu! Ndizo au sizo?"

"Ndizo," Wilson alisema. Akaangalia saa. "Lakini mtu ungeweza kufikiri vinginevyo. Mimi nilisema nilichokiona."

"Hukuona. Ulikuwa unaangalia kioo."

Basi hapo, mtu angedhani pangetokea maneno. Samahani, kijana, tumekukosea. Neno dogo hilo, halina hata uzito wa skrubu. Mzee Lazaro, mgongo bado kaugeuza, alisema, "Bwana asifiwe. Ukweli umejulikana. Simameni tuombe."

"Tuombe nini?"

"Lutufyo."

"Tuombe nini, mzee? Jumapili ulisimama ukasema nimechezea mali ya Bwana. Hukuomba kwanza. Nataka kioo changu."

Wazee wakaangaliana. Mwandishi akakohoa. Kioo kiko chumba cha mchungaji, alisema, kimefungiwa tangu fundi Wilson alipokuja kukiangalia, mchungaji kasafiri na ufunguo hadi kesho. Na kwa kuwa kesho kuna wageni, na amplifaya bado ni mbovu, na kwa kuwa kijana ni fundi...

Lutufyo alicheka. Kicheko kibaya, mama yake angekisikia angemvuta sikio. Wamemwita mwizi, wamemwibia, na sasa wanataka awatengenezee. Bure, bila shaka. Alianza kukusanya vitu vyake aondoke. Akaiangalia ile bodi, iko wazi, imejaa masizi, na akajua hataweza. Ndiyo laana yake. Hawezi kuacha kitu kilichokufa kimefunguliwa tumbo.

"Nitatengeneza. Lakini Jumapili ulinitangaza, na Jumapili utanitangaza tena. Kwa hii hii amplifaya. Kwa jina. Lutufyo hakuiba. Maneno mawili."

"Nimesikia," Mzee Lazaro alisema.

"Umesikia au umekubali?"

"Amekubali," Mzee Enosi alisema, akafumba macho yake.

Alitengeneza jioni ile, nyumbani. Mama alimtafutia spiriti ya kusafishia vidonda, na Lutufyo akasugua bodi kwa mswaki mpaka maji meusi yakaisha. Akatoa transista nyingine mbili kwenye kopo la siagi, za mwisho alizokuwa nazo. Bila kioo alifanya kama mtu anayetembea gizani kwa kupapasa. Aliunganisha ile taa yake ya kupimia, balbu ya kawaida aliyoiweka njiani kati ya umeme na amplifaya. Balbu ikiwaka sana, kuna shoti, usiguse. Ikiwaka kidogo ikafifia, mgonjwa anapumua. Akawasha. Balbu iliwaka, ikafifia, ikabaki kama kaa la kiberiti. Spika ikanguruma taratibu.

"Imepona?" mama aliuliza.

"Imepona. Watu ndio bado."

Jumapili kanisa lilijaa, na wageni walikuja. Lutufyo alikaa nyuma karibu na mlango, pale kwenye soketi, miguu kainyoosha. Kwaya iliimba, spika zikapiga safi mpaka wapita njia wakasimama. Kisha Mzee Lazaro akasimama kwenye matangazo, akashika maiki.

"Wapendwa, lile tatizo la kiufundi tulilokuwa nalo limekwisha. Shetani alitaka kutugombanisha, ameshindwa."

"Amina!"

"Tumshukuru Mungu aliyetupa mafundi. Sasa tangazo la pili, kina mama wa—"

Spika zilikatika. Mzee Lazaro aligonga maiki kwa kidole. Akagonga tena. Watu wakageuka nyuma, mmoja mmoja, halafu wote.

Lutufyo alikuwa amesimama. Plagi ilikuwa mkononi mwake.

"Shetani hakuitwa mwizi," alisema. Hakuhitaji maiki. "Mimi ndiye niliyeitwa."

"Lutufyo, kaa!" mama yake alinong'ona kwa ukali kutoka benchi la tatu.

"Sikai. Tulikubaliana maneno mawili."

Mzee mmoja alinyanyuka kwenda kumnyang'anya. Mzee Enosi, mbele, alinyoosha fimbo yake ikazuia njia, kama bahati mbaya. Mvua ilikuwa inaanza juu ya bati. Mzee Lazaro aliangalia wageni, akaangalia waumini, na huko kona ya mwisho kabisa, nyuma ya nguzo ambapo hukaa kila Jumapili ili wasionane, kulikuwa na upande wa kanga ya mkwewe. Hakumtazama. Lakini alijua yupo, na alijua mkwewe huyo aliongea na sufuria mbele ya watu ili mtu asidhulumiwe.

"Lutufyo hakuiba," alisema.

"Hawajasikia. Subiri." Akachomeka plagi. Spika zikanguruma, zikaamka. "Haya."

 "Lutufyo hakuiba," spika zilisema, na sauti ikatoka nje, ikavuka barabara, ikaingia kwenye chai. "Amplifaya iliharibika kwetu. Kwa familia yangu. Yeye alirudisha kila kitu. Tulimkosea."

Kanisa halikujua liseme amina au linyamaze. 

Lutufyo hakungoja sadaka. Alikwenda kwa mchungaji akapewa ufunguo bila kuulizwa, akafungua chumba, akakibeba kioo kifuani, akakivulia koti la mvua akakifunika, yeye mwenyewe akaloa mpaka mifupa njia yote ya kushuka nyumbani. Watu wawili walimsalimia barabarani. Aliitikia mmoja.

Nyumbani alikikausha kwa kitambaa, akakiweka kwenye alama yake ya mraba, akachomeka, akangoja kipate joto. Mstari wa kijani ukatokea. Ukatokea umepinda, umelala upande wa kulia, unatetemeka kama mlevi, na vitufe vyote vya mbele vilikuwa vimezungushwa na mtu asiyejua anazungusha nini.

"Wilson!" alisema. "Mshenzi, ulishaanza kukijaribu!"

Akavuta kiti, akashika bisibisi ndogo, akaanza upya kutoka kitufe cha kwanza.